YAH: Maombi ya Kazi

Duka langu liko Utaani, Wete, mlango wa pili toka kwa fundi saa:
meza, kompyuta, printa inayokohoa,
na feni niliyoifunga kamba isije ikamshukia mteja.
Kuchapa ukurasa, elfu moja. Kopi, mia.
Bahasha ya kaki mia tatu, gundi bure,
maana ulimi nao huchoka
kulamba bahasha ya ishirini.

Wanaingia asubuhi, mashati yamepigwa pasi.
Shaame Kombo wa Mtambwe, stashahada ya uhasibu.
Time Faki wa Bopwe, ualimu wa sayansi.
Mapacha wa Gando, mmoja utalii, mmoja ufugaji wa samaki.
Najua nani alipata D ya hisabati
na nani hunipa cheti akiwa amekifunika kwa kiganja.

Barua ni ile ile, nimeihifadhi.
Nafuta jina, naandika jina.
*Husika na kichwa cha habari hapo juu.
Mimi ni kijana mwenye umri wa miaka ishirini na tatu.*
Nafuta tatu, naandika nne.
Nafuta nne, naandika saba.
Mwaka huu Shaame ametimiza thelathini na sita,
akainama, akaninong'oneza kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani:
"Bi Mize, hapo kwenye *kijana*..."
Nikaliacha. Neno halilipiwi kodi.

Kwenye uzoefu wa kazi vidole vyangu husimama.
Tangazo linataka miaka mitatu.
"Nimesomesha tuisheni ukumbini kwetu," Time akasema,
"wengine wakilipa mayai."
Nikaandika: tuisheni, miaka mitatu.
Mayai sikuyataja.

Msimu wa karafuu duka hulala.
Stashahada ziko juu ya matawi, shahada ziko juu zaidi,
kamba kiunoni, malipo kwa pishi,
na usiku ni kuchambua, konyo huku, karafuu huku,
mpaka taa ya chaji izimike.
Fedha ya pishi hugeuka tiketi ya meli:
Mkoani hadi Unguja, kwenye usaili,
watu mia sita, nafasi nne.
Hurudi na begi lile lile.
"Wamesema watapiga simu."
Nami sisemi kitu. Mtandao Wete upo.

Sasa maombi yanapitia kwenye mfumo.
Hautaki bahasha, hautaki kopi ya barua ya sheha.
Unataka kitambulisho kipya,
na kitambulisho kinataka vidole.
Time alikwenda wilayani Jumatatu,
akaweka dole gumba kwenye kioo. Taa nyekundu.
Akafuta kwa kanga, akaweka. Nyekundu.
Akapaka ndimu aliyopewa na mama wa foleni.
"Havisomeki," afisa akasema, wala hakuwa mkali,
"ngozi imeliwa na utomvu. Rudi baada ya mwezi."
Mwisho wa maombi ilikuwa Ijumaa.

Alikuja kunionesha. Weusi unaong'aa,
harufu imejaa dukani hadi kwenye karatasi.
Na mimi nikaona haya, nisijue pa kuyaweka:
wanangu wawili wamesoma kwa barua hizi.
Kila aliyekosa alirudi,
na kila aliyerudi alilipa.

"N'chapie tu," akasema. "Ile ya zamani. Na bahasha."
Nimwandikie nani?
"Hapo pa jina paache."
Printa ikakohoa, ikaitoa barua ina joto.
Akaikunja mara tatu, sawasawa, kama aliyefunzwa,
akaweka elfu na mia tatu mezani.
Nikazirudisha. Akazisukuma kwa kile kidole kisichosomeka:
"Chukua, Bi Mize.
Ukinifanyia bure, na wewe utakuwa huna kazi."